Safari bila matanga: Nakuru, Kisumu mpaka Khayega kwa Kukhu

Wacha nianze na hesabu juu ndiyo ilinitoa nyumbani. Mwezi wa pili tulimzika senge yangu, dada yake baba, na usiku ule wa mkesha nikiwa chini ya turubai na mabinamu ambao wengine ata sura zao sikua nazijua, nikaanza kuhesabu nimerudi nyumbani mara ngapi tangu nihamie Mtwapa 2016. Mara tano. Na zote tano ni matanga. Hakuna siku nimeingia kwa ile boma nikakuta watu wangu wamekaa tu, wazima, na hakuna jeneza sebuleni. Senge mwenyewe alinipigia mara mbili mwaka jana, njoo nikuone, nikamwambia Desemba senge, Desemba nakuja, alafu Desemba ikafika oda za nguo za krismasi zikanizidi (mimi ni fundi cherehani) na nauli ikapanda vile hupanda kila Desemba, nikasema basi Pasaka. Pasaka hakuiona.

Kwa hivo nikachagua mwezi wa saba, mwezi hauna sherehe yoyote, hakuna aliyekufa, hakuna anayeolewa, nikafunga duka. Hii nimeandika kwa simu kila jioni, isipokua siku mbili tatu nilizolala mapema.

JUMATANO
Treni ya usiku kutoka Miritini. Kwa begi nina halua kilo mbili, achari za maembe, na leso tatu. Sikulala.

ALHAMISI – NAKURU
Tumefika Syokimau kabla kupambazuke, nikaingia tauni Nairobi, nikatafuta steji ya Nakuru, saa moja na nusu tuko barabarani. Mtu wa pwani ile baridi ya kule juu kabla ya kuteremka Bonde la Ufa inakuingia mpaka kwa meno. Lakini pale mahali bonde linafunguka na unaona mlima Longonot umekaa peke yake huko chini, nilimgusa ata jirani yangu wa siti kumuonyesha, kumbe yeye hupita hapo kila wiki, akanitabasamia tu kwa upole.

Konda akaniuliza naenda wapi na mizigo yote hiyo, nikamwambia Nakuru, alafu Kisumu, alafu Khayega nyumbani. Akasema pole. Nikamuuliza pole ya nini? Akasema, si unaenda mazishi dada?

Nakuru nilipoondoka ilikua mji, sasa ni jiji, ilipewa hati tarehe 1 Desemba 2021, na rafiki yangu alikuja kunipokea steji akiwa na sweta mkononi juu alijua sitakua nimebeba. Huyu ni mtu tuliishi naye chumba kimoja kule Rhonda miaka minne, tukisoma ushonaji, tukiwa na sufuria moja na cherehani moja ya mkono tuliyonunua kwa kuchangisha. Sijamuona miaka sita. Tunaongea kila wiki, salamu za asubuhi, picha za watoto, ujumbe wa sauti wa dakika saba, kwa hivo mimi nilidhani namjua bado. Alafu nikamuona anavuka barabara na nikagundua anatembea kama mama yake. Hiyo hakuna ujumbe wa sauti ungeniambia.

Nilikua na mipango mingi, twende Menengai tusimame pale ukingoni tuangalie shimo na ule mvuke, twende sokoni, twende kwa yule mama alituuzia chapati kwa deni mwaka mzima. Hatukuenda popote. Alikua na minji ndoo nzima ya kumenya, za mukimo wa jioni, tukakaa jikoni kuanzia saa nane mpaka saa kumi na moja tukimenya minji. Tulianza na stori kubwa kubwa, ndoa yake, ule mwaka duka langu lilivunjwa wakabeba vitambaa vyote, mtoto wake wa kwanza alivyokataa shule. Zikaisha. Alafu tukanyamaza. Na hapo ndio nilijua nimefika, juu kwa simu mtu akinyamaza unauliza haloo, haloo, unanisikia, unadhani netiweki imepotea, lakini pale jikoni kimya kilikua kimya tu, minji zinaanguka kwa bakuli, yeye anapiga mluzi kidogo ule wimbo wake bila kujua anaupiga, kama tu zamani akishona. Niliusahau kabisa ule mluzi. Miaka sita nilikua na sauti yake kwa simu na sikua na huo mluzi.

Usiku tumelala kitanda kimoja kama wasichana, bwanake akahamia kwa watoto bila kuulizwa. Mungu ambariki huyo mwanaume.

IJUMAA – NAKURU KWENDA KISUMU
Asubuhi nilimwambia rafiki yangu twende pale geti la mbuga tupige picha tena, kuna picha yetu ya 2011 tumesimama hapo na viatu tulivyoazima. Akaniangalia. Kwani hukujua? Geti la zamani liliingia majini. Ziwa Nakuru limekua likipanda miaka hii yote, limemeza geti, likameza barabara za ndani ya mbuga, likaingia mpaka mitaa kama Mwariki watu wakahama nyumba zao. Na yale maji mengi yakapunguza chumvi, ile mimea midogo ambayo heroe hula ikapungua, kwa hivo wengi wakahamia Bogoria. Tulienda tu tukasimama mbali, mahali unaona miti imekauka imesimama ndani ya maji, meupe yote. Tukapiga picha hapo. Mimi nilikua nimeweka lile geti kichwani kama kitu kinaningojea, kwamba siku nitakua na nafasi nitarudi nilikute. Nilinyamaza njia nzima mpaka steji.

Kuagana hatukuongea sana. Aliniwekea mukimo kwa kopo, akanilazimisha niende na sweta.

Matatu ya Kisumu, dirisha upande wa kushoto. Salgaa, Mau Summit pale barabara ya Eldoret inaachana na yetu, tukashika ya Kericho. Kericho ikatunyeshea mvua ya mawe, chai pande zote mbili kijani mpaka inaumiza macho, wachumaji wamejikunyata chini ya nailoni. Nililala kidogo. Nikaamka jasho, sweta ikatoka, tuko chini Ahero kwenye mpunga na jua la Kano limeshika.

Dada yangu anakaa Mamboleo. Ameolewa na Mjaluo, ana watoto watatu na yule mdogo, wa miaka minne, sijawahi kumshika. Amezaliwa nikiwa Mtwapa. Lakini tunajuana sana kwa vidio koli, huyo ndiye huninyang'anya mamake, ananionyesha meno, ananiimbia. Kwa hivo nikaingia mikono imefunguka nikisema anti amekuja! Akakimbia nyuma ya kochi. Hakutoka. Halua hakutaka, leso hakutaka, akilia ukimsogelea. Shemeji akasema mwache atazoea, na mimi nikacheka lakini kusema kweli iliniuma, nilienda chumbani nikakaa kitandani.

Alafu nikapata wazo. Nikiwa hukohuko chumbani nikapiga vidio kwa simu ya dadangu. Nikamsikia sebuleni anapiga kelele, anti! Anti amepiga! Akachukua simu, akanionyesha meno yake, akaniambia kuna mtu amekuja kwetu. Nikamuuliza ni nani? Akasema simjui. Anafanana na wewe. Nikamwambia niletee simu nimuone basi, tembea, pole pole, pita mlangoni. Nilikua nasikia miguu yake kwa simu na kwa sakafu kwa wakati mmoja. Akafika mlangoni akaniangalia kwa simu, akaniangalia mimi, akaangalia simu tena. Nikamtolea ulimi. Ile sura ya kwa simu ikatoa ulimi pia. Alikaa hapo muda mrefu sana. Alafu akaweka simu chini sakafuni kwa uangalifu vile amefunzwa asiivunje, akaja akaweka kidole kwa shavu langu, akakisukuma kidogo.

Usiku huu amelala mgongoni kwangu. Ninaandika na mkono mmoja.

JUMAMOSI – KISUMU KWENDA KHAYEGA
Asubuhi mapema shemeji ametupeleka Dunga. Magugu maji yamefunika sehemu kubwa, ziwa linaonekana kama shamba, mashua zinajipenyeza. Tumenunua ngege wawili wakubwa na omena debe moja ya kupeleka nyumbani. Dadangu amemkaanga yule ngege alafu akamrudisha kwa sosi ya nyanya, na ugali, na osuga, ile mboga ya mnavu, chungu kidogo vile napenda, na tulivyokua tunakula akaniuliza polepole watoto wasisikie. Niambie ukweli, wewe ni mgonjwa? Kwa sababu hawezi kuelewa mtu anafunga duka katikati ya mwaka anatembelea watu bila sababu. Alikua hajalala vizuri tangu nimwambie nakuja. Nikamwambia senge. Nikamwambia ile hesabu ya mara tano. Akaweka tonge chini. Yeye anakaa Kisumu, Khayega ni kama saa moja na kidogo tu, na akahesabu na yeye, kwa vidole, na yeye pia ni matanga, isipokua mara moja ya mahari.

Basi tukaenda wote wawili na huyu mdogo. Hii haikupangwa. Alimpigia tu jirani simu aangalie wale wengine na akaingia matatu na nguo alizovaa.

Kiboswa, Mbale, Chavakali, mawe makubwa ya Maragoli yamelaliana juu ya milima, ndizi zinapitishwa dirishani. Khayega tukachukua boda mbili. Kijana wa boda, kabla ata sijakaa vizuri: matanga ni kwa nani huko?

Kukhu, bibi yangu, alikua ameketi nje anachambua njugu mawe, tsimbande tunaziita. Alisikia pikipiki mbili zimeingia, akainuka. Na akaanza kulia! Mikono kichwani. Akilia jina la baba yangu, juu baba ndiye yuko hospitali kila mara na presha, akajua ndio huyo. Nilikimbia nikamshika, nikamwambia Kukhu hakuna mtu, hakuna mtu amekufa, baba yuko sawa, tumekuja tu. Ananiuliza nani? Nani? Hakuna Kukhu. Tumekuja kukuona. Ilichukua muda. Jirani wawili walikua washafika uani na leso kiunoni, mmoja amebeba sukari nusu kilo, tayari kwa kilio. Kukhu akawaambia, kwa kicheko sasa lakini machozi bado yako: hawa wamekuja kuniona. Mimi. Nikiwa hai.

Ile sukari tulipikia chai.

Usiku. Ng'ambo ya bonde kuna mkesha, tunasikia isukuti, zile ngoma tatu zinaitana na filimbi juu yake. Ni ngoma ya kwetu Waisukha na Waidakho, UNESCO iliiandika 2014 kwenye urithi unaotakiwa kulindwa haraka usipotee, lakini mimi kwa miaka yote hii nimeisikia usiku wa huzuni tu. Kukhu amelala kati yetu. Amesikiza, akasema kwa yule mzee leo kumejaa, magari yametoka mpaka Nairobi, yeye mwenyewe tu ndiye hayaoni.

JUMAPILI – KHAYEGA
Hii siku naiandika yote, ata kama kidole kinauma.

Kukhu ananiita kukhu na mimi namwita kukhu, ndio desturi yetu, bibi na mjukuu mnabadilishana jina. Mwaka haujui aliozaliwa ila uhuru ukija, 1963, alikua na watoto wawili tayari. Hajui kusoma. Ana simu ya kubonyeza imefungwa mpira betri isianguke, inakaa ndani ya kitambaa, kitambaa ndani ya kikombe cha bati, kikombe juu ya kabati. Mjukuu fulani alimuwekea watu kwa namba, bonyeza ushikilie: moja ni baba, mbili ni marehemu senge, tatu ni kakangu wa Qatar, nne ni mimi. Mbili bado iko. Hakuna mtu ameifuta na mimi sikuigusa.

Mimi humpigia Jumapili saa moja jioni. Nikimaliza kila kitu, nimefua, nimepika, ndio nampigia, dakika tano sita, Kukhu umeamkaje, umekula, dawa umemeza, haya nitapiga tena. Na mimi nilikua najisikia mjukuu mzuri, nasema ukweli. Wangapi hupiga kila wiki?

Leo nimeona upande ule mwingine wa hiyo simu.

Tumetoka kanisani, tumekula, ugali wa wimbi na mrenda na omena za Dunga. Saa tisa akanituma nichukue simu kwa duka, alikua ameipeleka asubuhi kuchajiwa, shilingi 20, kila Jumapili. Saa kumi akaoga. Akavaa kitambaa kingine kichwani, kile cha kanisani, akajipaka mafuta usoni. Nikamuuliza tunaenda wapi? Akasema hakuna. Akabeba kigoda chake mpaka nyuma ya nyumba, chini ya mvakado, juu hapo ndio netiweki hushika, akakaa, simu mapajani, mikono miwili juu yake. Saa kumi na dakika chache. Nikamwambia Kukhu, mimi niko hapa leo, nani atapiga? Akasema ni Jumapili, watoto hupiga.

Nilileta mkeka nikakaa chini yake. Dadangu akaja. Yule mdogo akawa anaokota mvakado zilizoanguka anazipanga. Jua likazunguka. Kila baada ya muda Kukhu anafungua simu aone kama mwanga wake unawaka, anaifunga. Saa kumi na moja. Saa kumi na mbili. Mbu wakaanza. Mimi nilikua nahesabu kimoyomoyo, masaa matatu kila Jumapili, mwaka una Jumapili ngapi, na mimi niko Mtwapa naosha vyombo kwanza, napangusa meza kwanza, namjibu kwanza mteja.

Saa moja kasorobo ikalia. Ni tatu, kakangu. Qatar na Kenya saa ni ile ile moja, alikua ametoka kazini. Kukhu alisimama! Yeye huongea na simu akiwa amesimama, kwa sauti ya kumfikia mtu ng'ambo ya mto. Umekula? Kuna joto? Wanakulipa? Akamwambia wadada zako wako hapa wamekuja kuniona na hakuna mtu amekufa. Akatupa tumsalimie. Mimi nilikua na mengi ya kumwambia kakangu lakini yuko haraka, kuna watu wanangoja kuoga, nasikia milango. Akasema haya Kukhu, nitapiga tena. Sauti ile ile yangu. Maneno yale yale.

Dakika nne. Nilikua naangalia.

Kukhu akaketi tena. Nikamwambia twende ndani, baridi. Akasema ngoja kidogo, namba nne bado hajapiga. Alafu akakumbuka. Akanishika kichwa kwa mkono wake ule mkavu, unanukia moshi na mafuta, akanirudisha kichwa kwa goti lake, tukakaa hapo giza likaingia kabisa, na simu akaifunga kwa kitambaa.

JUMATATU, JUMANNE
Tumelala, tumekula, tumepanda viazi vitamu kidogo. Nimemshonea gauni kwa mkono kutoka kwa leso moja, ile nyingine anajifunga, imeandikwa Wema hauozi, aliniambia nimsomee, alafu akawasomea majirani wote kwa kidole kama anasoma. Mtungi wake wa maji wa Ilesi umepata ufa nimemnunulia mwingine. Dadangu alirudi Kisumu Jumatatu asubuhi, amesema atakua anakuja kila mwisho wa mwezi, na kabla ya kupanda boda akampigia shemeji hapo hapo mbele ya Kukhu kumwambia hivo, asije akageuka.

Zile njugu mawe nilizipika mimi. Zilichukua mchana wote kuiva, na sikua na mahali pa kwenda.

JUMATANO
Basi la Mombasa jioni. Kukhu amenifunga njugu mawe kwa leso yangu ile ya tatu. Hakulia. Alinisindikiza mpaka kwa barabara ya lami kwa miguu, pole pole, kila mtu tunayekutana naye anamwambia mimi ni nani na kwamba nilikuja tu.

JUMAPILI – MTWAPA
Duka nimefungua tangu Ijumaa, oda zimerundikana, nimeshona jana mpaka usiku na leo baada ya kanisa nimeshona tena. Vyombo viko kwa karai. Nguo ziko kwa maji. Kuna mteja alikua mlangoni anataka kupimwa nikamwambia arudi baadaye.

Saa kumi kamili nikapiga. Haikulia ata mara mbili.

"Namba nne?" akasema. "Mbona mapema, kwani kuna nini?"

Nikamwambia hakuna Kukhu. Kaa chini kwanza, nimeweka krediti ya kutosha.